Javel ndani ya bido

Kyakimwa hakunywa katika kikombe alichopewa kabla ya kukisuuza kwa kinywaji chenyewe. Alimimina kidogo, akazungusha, akamwaga chini. Alifanya hivyo harusini, matangani, hata sebuleni kwa padri, juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Watu walichukia, naye hakujali. Alikuwa mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kule Kimemi mjini Butembo, na vyombo vya watu alivijua.

Séphora, mkaza mwanawe, alikuwa na sababu nyingine za kumchukia. Mumewe Kakule alikwenda kutafuta dhahabu Manguredjipa mwaka wa pili wa vita, na habari zake zikakatika. Tangu hapo Kyakimwa alimwambia kila juma kwamba atamrudisha kwao Lubero, peke yake. Jokébed, binti wa miaka mitatu, angebaki. Mbuzi wa mahari walikwisha kutolewa wote. Mtoto alikuwa wa nyumba hii.

Kisha kasiksi ikaanza kugeuka siki.

Zamani iliiva ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa na baba yake Kakule. Kuusafisha hakukuwa na siri: maji yanayochemka, majivu, kisha unafudikizwa juu ya moshi wa majani mabichi. Lakini askari waliopiga kambi nyuma ya soko waliupasua wakaufanya kuni. Sasa pombe iliwekwa katika bido za njano, yale madumu ya plastiki yanayoletwa na mafuta ya kula, na plastiki haipendi moto. Bido ya kwanza ilipotiwa maji ya kuchemka ilijikunja ikawa haisimami. Ya pili ilitobolewa na joto la moshi. Yakabaki maji ya uvuguvugu, majivu, na changarawe za kutikisa. Mapishi mawili yakaharibika.

"Ni mukono yako," Kyakimwa alimwambia Séphora. "Kila kitu unagusa kinaoza. Uligusa mutoto wangu, akapotea."

"Mama, angalia hapa ku mushikio ya bido. Iko wazi ndani. Changarawe hazifikake." Séphora alipenyeza kijiti, akatoa ute mweusi wenye harufu ya siki. "Tutie javel. Ile dawa ya kuua vidudu banagawa ku kisima, juu ya kolera."

"Nani alikufundisha?"

"Nilisoma miaka mbili kazi ya infirmière, kutunza bagonjwa."

"Na kule balikufundisha kupika pombe? Javel ni ya choo. Mu mji huu, mutu akisikia harufu ya dawa mu kikombe, haulizake ni dawa gani."

Hilo lilikuwa kweli. Miaka ile, aliyekufa ghafla alisemekana kulishwa sumu, na aliyemuuzia kinywaji cha mwisho alitafutwa hadi nyumbani kwake. Séphora alijua. Alijua vilevile kwamba pishi la tatu likiharibika, atapanda lori bila mtoto. Jumatano, Kyakimwa alipokuwa misani, aliosha bido nne kwa javel. Pale kisimani walisema kijiko kimoja. Yeye kwa hofu alitia vitatu. Alisuuza mara tano, akanusa, hakusikia kitu. Pua ilikuwa imekwisha kuizoea.

Jumapili askari walikuja. Sajini wao, Hénock, mtu wa Kasai, alikipeleka kikombe kinywani, akakirudisha mezani.

"Maman, hii inasikia harufu ya hôpital."

"Ni wewe unasikia hôpital," Kyakimwa alisema.

Mmoja alicheka. Hénock hakucheka. "Kunywa."

Muuzaji kuonja kwanza ni desturi, lakini desturi haikuwahi kudai bunduki juu ya meza. Kyakimwa alikunywa. Séphora alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Aliona koo la mama mkwe likisita, kisha yale macho yakimgeukia. Yalikuwa na chuki safi, bila mchanganyiko. Neno moja la kumtaja yeye lingetosha, na Jokébed angebaki Kimemi bila mtu wa kumdai.

"Ni javel," Kyakimwa alisema. "Ni mimi niliosha nayo bido, juu ya kolera. Enda uulize ku kisima."

"Javel mu pombe?"

"Kama unapenda kuhara, jirani yangu naye anauzisha."

Akamaliza kikombe, akajaza kingine, akakimaliza nacho. Askari walikaa wakimtazama hadi jua likahama ukuta, naye akachambua maharage mbele yao. Hakuanguka. Mwishowe wakanywa, na siki haikuwamo. Waliondoka na bido tatu kati ya zile nne.

"Mama," Séphora alianza.

"Funga kinywa. Ulinidharau mu nyumba yangu."

Kufikia katikati ya juma habari ilikuwa imezunguka: Kyakimwa anatia dawa. Wanawake kisimani walisogeza ndoo zao mbali na yake. Kisha mzee Ézéchias, jirani aliyekunywa pale Jumapili jioni, akalala na homa, na vijana wakamwuliza mkewe mara ya mwisho alikunywa wapi.

Siku hiyohiyo Kyakimwa alifunga nguo za Séphora katika kitenge, na za mtoto pia, akawatangulia hadi penye malori ya Lubero. Alimnyanyua Jokébed akamtupia wanawake waliokaa juu ya magunia, kama mtu anayeondoa mzigo njiani. Séphora alibaki chini, mkono kwenye ubao wa lori, asijue kama ameruhusiwa au amefukuzwa.

"Panda," Kyakimwa alisema. "Ézéchias akikufa, batakuja kwangu. Nilishadanganya mara moja juu yako, ya pili sitaweza."