Mashimo Kumi ya Koku

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi karibu na Kamachumu. Wewe sasa umepangiwa kufundisha Kanazi, na nyumba hii imekuwa kimya tangu mke wangu atangulie; basi mvumilie mzee akisema.

Mazingira niliyafundisha ubaoni. Watoto walinakili faida za miti, nikawasahihishia, tukafunga madaftari. Miti yenyewe niliiweka kwenye adhabu: mchelewaji achimbe shimo, mpiga kelele abebe maji. Nilijiona hodari.

Koku, msichana wa darasa la tano, alichelewa siku tatu mfululizo. Sikumuuliza kitu. Nilimpa mashimo kumi. Aliyachimba yote, viganja vikamtoka malengelenge.

Jioni mwalimu mkuu, Mama Paskazia, alinipeleka nyuma ya madarasa kwenye miche yetu ya misizi, ile miti ya mbao ya kwetu. Udongo ulikuwa umelowa. Kumbe kila asubuhi Koku alipandisha ndoo kutoka mtoni kuinywesha, na hakutumwa na mtu.

"Mwalimu," Mama Paskazia akasema taratibu, "mtoto pekee aliyelielewa somo lako ndiye uliyemwadhibu."

Aibu ilinizuia wiki nzima. Nilipomwomba radhi, Koku aliitikia kwa heshima, "Ndiyo, mwalimu." Ndoo hakuishika tena.

Nikaanza kubeba maji mwenyewe. Watoto walinitazama kwa mbali, wakidhani nami nimeadhibiwa. Zilipita masika mbili ndipo mmoja aliponipokea ndoo. Hakuwa Koku, kwani wazazi wake walikwisha kuhamia Nshamba, na sikumwona tena. Ile misizi ilikua. Nikipita pale husimama kivulini peke yangu, nikakosa wa kumsimulia.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikunja nikavunja.

Kwa hiyo, mwanangu, mti usiufanye fimbo. Shika jembe wewe kwanza, watoto wakuone umechafuka. Mtoto akichelewa, muulize alikotoka. Na ukikosa, omba radhi siku hiyo hiyo, kwani radhi iliyochelewa hupokewa kwa adabu tu.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe mvua kwa wakati wake na wanafunzi wanaokuuliza maswali, na uzeeni mwako usikose mtu wa kupiga hodi mlangoni.