Mguu Niliokatazwa Kuuosha

Wenzangu wa chama chetu cha wagonjwa wa ngozi waliniomba niandike yaliyonipata. Wakaongeza: "Fundi, andika ya kutia moyo, na majina ya watu uyaache." Ya kutia moyo yapo, yatakuja mwishoni. Majina siyaachi. Mguu ulikuwa wangu.

Naitwa Yusufu, fundi cherehani wa Mbugangari. Nimezaliwa Mudende kwenye mashamba ya viazi, na shule niliiacha darasa la tatu. Kule nililima peku mpaka nilipooa. Asubuhi unaingia shambani baridi ikiuma, udongo wa volkano unajaa katikati ya vidole, jioni unapangusa kwa majani, unalala. Halafu nikamwoa Mwamini, binti wa mjini, na baba yake akanifundisha kushona. Cherehani ya kukanyaga inataka mguu kuliko mkono, na mguu wangu wa kulia ulikuwa unakwenda wenyewe, sina haja ya kuufikiria. Wanawake wanaovuka mpaka pale Petite Barrière kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo, waliniachia vitenge asubuhi, wakirudi wanavikuta vimeshonwa.

Ugonjwa ulianza kwa mwasho. Katikati ya vidole viwili vya mguu huohuo palikuwa panaunguza kama pilipili. Kisha mguu ukawa unavimba jioni, asubuhi umerudi. Siku moja haukurudi. Ngozi ikawa ngumu, ikaota vinundu kama vya chura, na kwenye vidole yakawa yanatoka maji. Sitaficha, harufu yake ilikuwa ya nyama iliyooza, na inzi walinijua. Kila baada ya wiki kadhaa homa inapanda, mtoki unavimba kinenani, natetemeka siku tatu chini ya blanketi.

Shemeji zangu walisema nimekanyaga sumu niliyotegewa njiani. Sikuwafuata. Nilikwenda kituo cha afya, kama redio inavyosema.

Pale nilimkuta muuguzi Anselme. Huyu ndiye wa kwanza kumtaja. Hakuinuka kwenye kiti chake. Aliutazama mguu akiwa ng'ambo ya meza.

"Usiiguse na maji," akasema. "Maji inalisha hiyo ugonjwa. Ifunge tu na kitambaa."

"Nitume kwa daktari wa ngozi."

"Daktari wa ngozi iko Kigali. We unafikiri transferi inaandikwa kwa ajili ya muguu? Ngozi haiue mutu."

Akanipa vidonge vya minyoo. Bila hiyo transferi, karatasi yake ya rufaa, hospitali kubwa bima yangu haifanyi kazi. Unaanzia chini, na wa chini akikataa, basi, umekwisha. Nilirudi kwake mara nne. Mara ya nne mlinzi alinizuia mlangoni kwa kuwa sina viatu, kuingia peku ni marufuku, eti usafi. Nikamwonyesha mguu. Kiatu gani kingeuingia?

"Muzee, mi sikuandika hiyo sheria," akasema. Huyo simtaji jina. Alisema kweli.

Maneno ya Anselme niliyashika kama ya msomi. Miaka sita mguu ule haukuona maji. Na mimi ni Mwislamu, kutawadha ni pamoja na kuosha miguu. Penye bomba la msikiti wenzangu walianza kusogea mbali nami. Nikamweleza mwalimu Issa, anayetusomesha dini, yale niliyoambiwa kituoni. Akafikiri, akasema, "Kama maji inakudhuru, dini haikulazimishe. Fanya tayamamu na udongo safi. Na uswali nyumbani tu, ndugu yangu." Alisema kwa huruma. Lakini pia alipumua kwa nafuu, nilimwona.

Donc, nikawa na kopo langu la udongo. Mama yangu alikuwa anatuletea viazi kutoka Mudende, Mwamini anavikung'uta udongo, anauchekecha, anaujaza kopo. Mara tano kwa siku nikajipaka ule udongo usoni na mikononi, nikimwomba Mungu aniponye.

Kazungu, mwenye baraza tunaloshonea, alinihamishia nyuma, karibu na choo. Ni mtu wa mzaha. "Yusufu, hiyo muguu nayo ilipe pango yake, inakalia fasi ya watu wawili." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Mwishowe mguu ukawa hautoshi tena kwenye pedali. Nikajaribu wa kushoto, mishono ikaenda kombo. Kazungu akampa mtu mwingine ile cherehani, maana ilikuwa yake. Nikarudi kwa Anselme nimezungushia gunia, naye akasema, "Ikizidi watakata. Ile iko kwenye bima."

Jioni nikamweleza Mwamini. Siku iliyofuata tulikwenda wawili. Alinikalisha nje karibu na mlinzi, akafungua kitambaa kwenye mguu wangu, akaingia nacho. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona akikitandaza juu ya daftari la Anselme, polepole, kama anatandika kitambaa cha meza siku ya wageni.

"We mama, toa hii kitu hapa."

"Ngozi haiue mutu, si ndiyo? Basi kaa nayo."

"Nitaita mulinzi."

"Mwite. Ni huyu hapa nje, anaangalia mawingu."

Kweli mlinzi alikuwa anaangalia mawingu. Anselme aliandika transferi kwa mkono mmoja, mwingine uko puani. Kumbe ni kazi ya dakika mbili. Mimi nilikuwa nimeingoja miaka sita.

Kigali nilipokewa na daktari Claudine. Amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. Alivuta kigoda, akaushika mguu wangu mapajani pake. Mtu wa kwanza kuushika, ukimtoa Mwamini.

"Baba, uliwahi kulima bila viatu?"

"Mudende. Tangu utoto."

"Hii ni imidido, aina ya matende. Haiambukizi. Hakuna aliyekutegea sumu. Ni udongo wenu wa volkano, unapenya ngozi ya mguu mtupu kidogokidogo, miaka mingi. Unauosha mara ngapi?"

"Siuoshi. Nilikatazwa."

Nikamweleza na lile kopo, maana nilidhani kila kitu kinafaa kusemwa. Akavua miwani, akaifuta, na haikuwa chafu. Kisha akaagiza beseni.

Maji, sabuni, dawa kidogo ya kuua vijidudu. Kukausha katikati ya vidole. Vaselini. Bandeji. Kuuinua mguu ukikaa. Kiatu kipana kinachofunika mguu wote. Kila siku, maisha yote.

"Nimefika Kigali kupewa sabuni?"

"Ndiyo, baba. Ilitakiwa uipate kwenye kituo chenu, siku ya kwanza."

Nililia pale. Msiseme ni furaha. Wiki ya kwanza tu harufu ilikatika.

Nikarudi nyumbani, nikapeleka kadi ya bima nipate bandeji na kiatu. Binti wa dirisha la bima alipekua orodha yake. "Sabuni si dawa. Kiatu si dawa."

"Na kukatwa muguu?"

Akapekua tena. "Kukatwa iko."

Maneno haya nimeyarudia mbele ya wakubwa, mikutano mitatu sasa. Nawaambia, andikeni sabuni, bandeji na kiatu kwenye hiyo orodha, na muuguzi wa chini afundishwe kutazama mguu. Wananipigia makofi, wananipa Fanta, wanasema tutaangalia.

Kiatu nilijishonea. Nilipasua buti kuukuu, nikaongeza turubai ubavuni. Mwezi wa tano wa kuuosha, mguu ukaingia kwenye pedali. Haukurudi kama zamani, ni mnene bado, lakini unakanyaga. Kazungu alinirudisha mbele bila kusema samahani. Kwa Anselme pia nilikwenda, nikiwa nimevaa kiatu changu, nimweleze asikataze wengine maji. "Bon, si ulipona?" akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari Claudine. Mwamini sijui nimshukuru vipi. Wewe mwenye mguu kama wangu, osha, kausha, vaa kiatu, usikubali kufichwa nyuma. Nguo unazoona zinapita Petite Barrière, nyingine nimezishona kwa mguu huu.

Wiki iliyopita mama mmoja alishuka kutoka Mudende kuniona. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa nailoni.

"Nani alikuambia uifunge?"

"Muganga Anselme. Alisema isiguse maji."

Nikazima hasira, nikatafuta beseni. Yule mama akarudisha mguu nyuma ya kigoda.

"Fundi, na akiniuliza nani aliniosha?"

"Umutajie. Yusufu wa Mbugangari. Umwambie aandike hiyo jina kwenye daftari yake."

Akaufungua. Nikachota maji.