Kisima cha Milembe

Mimi na Milembe tuliuza pamoja soko la Bariadi, yeye mboga, mimi dagaa, meza zetu zimegusana. Kwa hiyo asije mtu kunisimulia habari za kisima cha Milembe. Nakijua. Mwezi wa tatu kilikuwa na maji, mwezi wa sita kilikuwa na tope, na kuanzia hapo mpaka mvua zirudi kilikuwa na chura mmoja tu, naye alikuwa anakonda.

Milembe alitoka Nkoma. Kwao walilima pamba, na mumewe Mayige alilima pamba, mpaka ushirika ukalala na wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao. Mwaka huu bei inapanda, watu wanaezeka bati. Mwaka unaofuata hakuna lori hata moja linalopiga honi. Mayige akachoka, akasema anakwenda kutafuta dhahabu Geita, na mpaka leo anaitafuta. Milembe akaja mjini na jembe na binti yake Lukresia.

Soko huria lililetea Bariadi vitu vingi, na kimojawapo kilikuwa maji machafu. Zilifunguliwa gesti, zikafunguliwa baa, pakawa na sehemu za kuoshea magari, na zote zilimwaga kwenye mtaro mmoja unaoshuka bondeni. Milembe alipata kipande cha ardhi kando ya mtaro huo. Kiangazi, mji mzima umekauka, yeye analeta mchicha wenye majani mapana kama sikio la ndama. Wateja walipouliza maji anatoa wapi, alijibu, "Nina kisima." Na kweli alikuwa nacho. Alikifunika kwa bati akaweka jiwe juu, na alfajiri, kabla watu hawajaamka, alikuwa anachota mtaroni. Shija, jirani yake wa bustani, naye alikuwa na uongo wake: alisema anachota mtoni. Sote tulikula mboga zile na hatukufa, lakini kula ni jambo moja na kujua ni jambo jingine.

Lukresia akaolewa na Joakim, mtendaji wa mtaa na katekista, kijana nadhifu anayenawa mikono kabla ya kula, baada ya kula, na akishasalimiana na watu wengi. Sisi Wasukuma mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawakai pamoja, hawaongei mambo ya mwili. Joakim akipita njia, Milembe anajitanda khanga kichwani na kuingia vichakani. Akitaka kupita shambani kwa mama mkwe, alituma mtu mbele, na alipofika mwenye shamba ameshajificha. Alichokiona pale ni kisima kilichofunikwa vizuri. Akakisifia mtaa mzima. Na kila Jumamosi Milembe alimpelekea binti yake kikapu cha mchicha.

Hapo ndipo ukaja mradi. Maji yote ya mtaro yangeingizwa kwenye bomba, yapelekwe kwenye mabwawa, yachujwe kwenye matete, kisha yatumike tena. Lakini sheria ilitaka kwanza ifanyike tathmini ya mazingira, ijulikane nani ataumia. Akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, dada mmoja anaitwa Nancy, amevaa buti za mvua katikati ya kiangazi. Alijaza maji ya mtaro kwenye chupa, akapima, akaandika, akatangaza mkutano. Aliyekuwa anatumia maji ya mtaro aseme hadharani. Akisema, atapewa bustani chini ya mabwawa, na maji yaliyosafishwa ya kumwagilia. Asiyesema, mradi haumjui.

Jumapili tulipotoka kanisani Milembe alinivuta pembeni.

"Nyamizi, nikisema, nani atanunua mboga zangu? Nisiposema, nitamwagilia nini? Mate?"

"Sema," nikamwambia. "Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa, mayu, mama yangu. Na niliyemzaa ameolewa na Joakim." Akatazama chini. "Na Joakim ndiye atakayekuwa anatafsiri. Nisimame mbele ya mkwe wangu niseme ninamlisha mchicha wa maji ya vyoo?"

Nilikasirika. Nilimwambia aibu haimwagiliwi wala haivunwi. Aliitikia kwa kichwa, na nikaona machozi yanamlenga.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la zamani la ushirika. Pamba hakuna tena mle, ila nyuzi zake bado zilining'inia kwenye mapaa. Nancy alikaa mbele, Joakim kasimama kando yake kutafsiri kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Milembe alikaa nyuma kabisa, nyuma ya nguzo, khanga imemfunika mpaka machoni, kwa sababu ya mkwe. Mimi nilikaa karibu yake.

Shija ndiye aliyeanza. Alisimama akasema, "Mimi namwagilia kwa maji ya mtaro. Mwaka wa tano sasa." Ghala zima lilicheka. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ile ladha!" Shija akajibu kwamba mbona hakuwahi kurudisha hata fungu moja, watu wakacheka zaidi, na Nancy akaliandika jina lake. Wakafuata wengine wawili, nao wakaandikwa.

"Bado kuna mwingine?" Nancy akauliza.

Nilitaka kusimama mimi nimsemee. Milembe alinikanyaga mguu mpaka nikauma midomo. Kisha, nisiamini macho yangu, akasimama mwenyewe. Uso kaugeuzia ukutani, lakini amesimama.

"Naam, mama," Nancy akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri, siwezi kumsingizia. "Karibu mbele, mama yangu. Usiogope."

Hakujua anamwita mtu aje kusimama bega kwa bega na mkwe wake. Watu wazima wote wakainamisha vichwa. Joakim hakuweza kumwita mbele, na hakuweza kumwacha asimame pale akidhalilika machoni pa watu. Nadhani alifikiri Milembe amesimama ili atoke nje kwa heshima, na kwamba huyu mgeni anamzuia. Akafanya kile ambacho mkwe mwema angefanya. Alimwinamia Nancy akasema kwa Kiswahili, ghala zima likisikia:

"Samahani mtaalamu, huyo ni mama yetu, tunamheshimu. Yeye hahusiki na mtaro. Ana kisima chake, mimi mwenyewe nimekiona."

Ule ulikuwa uongo wa Milembe mwenyewe, umerudi kwake ukiwa safi, umetoka kinywani mwa mtu anayesomesha watoto amri za Mungu. Akiukana, anamwita mkwe wake mwongo mbele ya mtaa wake. Niliona kinywa chake kinafunguka chini ya khanga. Kikafungwa. Akakaa.

"Asante," Nancy akasema, akageuza ukurasa.

Baadaye nilimwambia aende ofisini akaseme faraghani. Akaniuliza ofisini kwa nani, kama si kwa Joakim. Na ripoti ilikuwa imeshaondoka.

Bomba likafukiwa, mtaro ukakauka ukabaki na chupa za soda na kandambili zisizo na wenzake. Mchicha wa Milembe ulikufa katika juma moja. Soko lilimcheka Shija mpaka mvua za kwanza, kisha likasahau, likaanza kupanga foleni kwenye bustani yake mpya chini ya mabwawa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Aibu yenyewe ilikuwa fupi namna ile!

Joakim, kwa wema, alileta fundi akamjengea mama mkwe ukingo wa saruji kwenye kisima, na mfuniko wa chuma. Hakuna kisima kizuri kama kile Bariadi nzima. Milembe sasa anauza karanga za kukaanga, na kila Jumamosi anashuka kwa Shija kununua mchicha. Anafungua kamba za Shija, anafunga mafungu upya kwa ukili wake, anapanga kikapuni, na kumpelekea mkwe.

Wiki iliyopita Lukresia alipita mezani kwetu kurudisha kikapu.

"Mama, Joakim anashukuru sana," akasema. "Anasema mboga za kule mabwawani yeye hagusi, atakula za kisima chako mpaka azeeke."

"Mwambie wabeja, asante naye," Milembe akajibu, akavuta khanga kichwani, na Joakim wala hakuwepo.