Barua Iliyotuhamisha Embu

Siku yangu ya kwanza kazini, Madam Postamasta hata hakunisalimia. Alinikabidhi muhuri wa tarehe, ule wa chuma tunaogonga juu ya stempu ili isitumike tena, akaniambia nigonge karatasi kuukuu mpaka mkono uzoee. Niligonga asubuhi nzima. Vidole vilikuwa vyeusi tititi, nami nina raha kama bwana harusi.

Hiyo ilikuwa posta ndogo ya Kiamuthiri, huku kwetu Meru, juu kidogo ya Githongo. Nyinyi vijana wa simu mtacheka, lakini mkulima alitoka kuchuma kahawa akaja na gambuti zake za matope miguuni kuulizia barua ya bintiye.

Shida yetu ilikuwa serikali kuu. Ilitulea kama mtoto wa kambo: leo tuko wizara ya uchukuzi, kesho ya habari, kesho kutwa ya mawasiliano. Kila wizara na waraka wake, yaani amri kwa ofisi zote. Mmoja ulisema barua yenye anwani isiyo sahihi irudishwe kwa mtumaji, bila kubahatisha.

Kisha tukasikia vituo vidogo vitafungwa, chetu kikiwemo. Wakulima wangelazimika kwenda hadi Meru mjini kwa bahasha moja, na mimi kazi ndiyo hiyo imekwisha. Niliogopa kweli.

Asubuhi moja nikitoa barua kwenye gunia la posta, nikaona bahasha ndefu ya wizara. Imeandikwa: Posta ya Kiamathuri, Embu.

"Madam, nadhani hii ni yetu," nikasema.

Alivaa miwani. "Mutwiri, sisi ni Waembu?"

"Hapana, Madam."

"Basi waraka unasemaje?"

Nikaandika "Haijulikani, irudishwe kwa mtumaji", nikagonga muhuri. Sijawahi kugonga vile tena.

Baadaye mkubwa mmoja akapiga simu kutoka Nairobi, mkali, akiuliza kwa nini hatujafunga kituo kama barua ilivyoagiza. Madam akamsomea ule waraka wa anwani, wa wizara yake mwenyewe, pole pole, kwa heshima zote. Kabla hawajaandika barua nyingine, tukahamishiwa wizara mpya, na faili letu likapotelea njiani. Wengine husema tulifanya ujanja. Wapi! Tulitii amri.

Madam alistaafu, nikakalia kiti chake miaka mingi. Juzi juzi bahasha ndefu ikaja tena. Nikavaa miwani, nikatafuta kosa. Jina langu, herufi kwa herufi. Kiamuthiri. Meru. Ilikuwa barua yangu ya kustaafu.

Karani wangu akauliza kama tuirudishe.

"Hapana," nikamwambia. "Wamejifunza kuandika."

Nikaigonga muhuri mwenyewe, nikaenda nyumbani kwa kahawa yangu.