Mawe yaliua bro yangu chini ya gari, sasa natumia mbao

Wakuu, habari zenu. Hii sijawahi andika mahali popote. Nitasema vile ilienda, hata pale inaniweka vibaya.

Mimi ni baba Ivy, nakaa Ruiru. Bro yangu mkubwa, Mwangi, alikuwa anakaa Kiganjo, Thika, na bibi yake Wairimu na watoto wawili. Alikuwa na stesheni wagon mzee ya kubebea mayai. Kila asubuhi anasambaza kwa maduka za Juja. Hiyo gari ndiyo ilikuwa inalisha hiyo nyumba.

Jumamosi moja nikaenda kumsaidia. Sailensa, ile bomba ya moshi, ilikuwa imelegea, inagonga chini kila bump.

Mwangi akainua nyuma na jeki, akapanga mawe ya kujengea huku na huku, mawili mawili, halafu akatoa jeki. Mawe yalikuwa yamebaki pale ploti wakijenga choo.

Nikamuuliza, "Na hizi zitashika kweli?"

"Hizi zinashika nyumba ya ghorofa, zishindwe na gari?"

Mimi pia niliona ni point. Tuseme ukweli, wangapi wetu tumefanya hivyo?

Akaingia chini. Baada ya kitu dakika kumi akaitisha spana ya kumi na nne. Ilikuwa kwa buti ya gari, mbali ndani. Nikafungua, nikainama, nikaegemea na uzito wangu wote ndio mkono ufike.

Nikasikia *tap*. Kitu kidogo tu, kama kikombe ikipasuka. Jiwe lilikuwa limegawanyika katikati.

Gari ikakaa chini.

Wairimu alikuwa hapo nje anaanika nguo. Alipiga nduru moja tu, akakimbia kushika bampa na mikono ya sabuni. Majirani wakaja, tukainua na mikono, watu kama wanane. Mwangi alikuwa bado anapumua. Alikuwa ananiangalia lakini hakuweza kuongea.

Tulimfikisha hosi. Saa tisa mchana daktari akatuita kando.

Kwa mazishi watu walisema ni mpango wa Mungu. Sikuambia mtu yeyote kwamba niliegemea ile buti. Kwa miezi nne nilikuwa nakula, naenda job, narudi.

Halafu Wairimu akanipigia simu.

"Baba Ivy, wateja wa mayai bado wananitafuta. Nataka hiyo gari itengenezwe, itembee. Na sitaki mtu aingie chini yake na mawe."

Karibu na kwangu kuna fundi wa mbao, mzee mpole. Nilimweleza yote, isipokuwa ya buti. Akaniambia, "Jiwe haliambii mtu. Mbao ikilemewa italia kwanza, utaisikia utoke."

Tukakata vipande za mkaratusi uliokauka vizuri, nene kama ngumi mbili, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Unalaza mbili hivi, mbili juu yake zikikatana, unaendelea hivyo, kila safu unafunga na skrubu ndefu. Chini iwe pana kuliko kimo. Juu kabisa unafunika na ubao nzito. Tulitengeneza stand nne za hivyo.

Nikazipeleka Kiganjo. Nikachagua mahali pa simiti, nikafunga handbrake, nikaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nikainua nyuma na jeki, nikaweka stand chini ya chuma yenyewe ya body, si bati. Jeki nikaiacha imeshika pia, na gurudumu la spea nikalilaza chini ya gari.

Nilikuwa nataka kuitingisha kwanza, Wairimu akanitoa kando.

"Wacha. Mimi ndio nitasukuma."

Alisukuma na bega. Akaja upande ule mwingine, akasukuma tena, analia, anasukuma. Gari haikusonga.

"Ingia," akasema.

Niliingia kufunga ile sailensa, nati ikaniponyoka mara mbili. Yeye akakaa chini kwa simiti, akashika mguu wangu hapa kwa kifundo. Hakuachilia.

Nikiwa huko chini ndio ilitoka. Sijui kwa nini hapo.

"Wairimu, ile siku mimi ndio niliegemea buti."

Nikafikiri atasimama aende.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Halafu akaongeza: "Maliza hiyo kazi utoke huko."

Nikamaliza, nikatoka. Hatujaongea hiyo maneno tena mpaka leo. Gari inaenda Juja kila asubuhi, yeye ndiye anaendesha.

Wakuu, somo ni hii: jeki ni ya kuinua, si ya kulalia chini yake. Mawe na bloku ziache kwa ukuta. Na kama mtu yuko chini, usiguse gari, hata mlango. Mwambie atoke kwanza.

Wale mafundi wako hapa, kama kuna kitu nimekosea kwa hizo stand, nirekebisheni bila huruma. Na kama uko na mawe chini ya gari saa hii unasoma hii, toka kwanza, halafu ucomment.