Dorka Hakupata Kizunguzungu

Enzi zetu pale Kosele hakuna mtoto aliyefundishwa kutumia mwili wake; tuliutumia tu mpaka jua lizame. Tulipanda mipera, tukafinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu kuliko miguu, tukabeba maji kichwani na kufika nyumbani tumelowa mpaka kiunoni. Muwa tuliumenya kwa meno. Watoto wa siku hizi ukiwapa muwa watakuuliza unafunguliwa wapi, ingawa simu ya baba yao wanaijua kuliko baba mwenyewe.

Mchezo tulioupenda kuliko yote haukuhitaji kitu. Saa nne, wakati wa mapumziko, tulisimama kwenye nyasi nyuma ya darasa la tatu, tukanyoosha mikono na kuzunguka. Mbingu ilipinduka, ukuta ukatukimbilia, tumbo likapanda kooni, tukaanguka mmoja mmoja tukicheka. Aliyebaki wima ndiye mshindi, na bingwa nilikuwa mimi mpaka alipokuja Dorka.

Dorka alikuwa mgeni darasani mwetu, msichana mwembamba aliyetembea kwa ncha za vidole. Sweta ilimkera, akaivua hata asubuhi ya baridi. Alipenda kujibana kati ya kabati na ukuta, akatulia humo mpaka mwalimu amtoe. Siku ya kwanza alipozunguka nasi, sote tulianguka, yeye akaendelea. Tulimngoja tukiwa tumekaa chini. Kicheko kikatuisha. Alizunguka mpaka kengele ikalia, kisha akasimama ghafla, hata kuyumba hakuyumba, akaniangalia. Macho yetu sisi hucheza huku na huku baada ya kuzunguka. Yake yalitua usoni pangu na kubaki hapo.

Kwetu kila mtoto alijua habari za jajuok, yule anayekimbia usiku bila nguo akitikisa milango ya watu, na tuliambiwa kwamba jambo hilo liko kwenye damu, mtoto hurithi kwa mzazi. Lakini hili la kizunguzungu nililitunga mimi. Dorka alikuwa amenishinda siku tano mfululizo na nilikuwa na hasira. "Jajuok hapatangi kizunguzungu," nikawaambia wenzangu. "Muangalie hata miguu yake, hagusi chini vizuri." Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa na nyanya yake.

Kesho yake hakuna aliyesimama karibu naye. Tuliegemea ukuta, tukamtazama akizunguka peke yake. Alifanya hivyo kila siku, mahali pale pale, hadi nyasi zikaisha na kubaki duara la udongo mtupu. Hakuna aliyethubutu kulikanyaga. Baadaye, usiku mmoja, mawe yalianguka juu ya bati la jirani yetu, kama jajuok anavyosemwa kurusha, na akina mama walipokutana kisimani wakataja boma la kina Dorka. Kisha asubuhi moja nafasi yake darasani ilikuwa wazi. Mama yake alikuwa amempeleka Sindo kwa nyanya yake. Nilijua sababu, na sikumwambia mtu.

Leo naishi Migori, na binti yangu Achieng' ana miaka sita. Anatembea kwa ncha za vidole. Anajibana nyuma ya kochi. Penseli humponyoka. Nilijidanganya kwamba yataisha akikua, mpaka siku niliporudi kutoka sokoni nikamkuta anazunguka katikati ya sebule, nyumba kimya, nyayo zake tu zikisikika. Alisimama, akaniangalia. Niliyajua macho yale, nikashika fremu ya mlango nisianguke mimi.

Krismasi tulikwenda Kosele, na mama yangu akamtazama uani kwa muda mrefu. "Nyara," aliniambia, yaani binti yangu, "huyu mtoto usimlete hapa tena. Watu wataongea."

Nilimpeleka hospitali. Tuliingizwa kwa dada mmoja kijana ambaye alisema kazi yake ni kuwasaidia watoto waweze kazi za utoto: kucheza, kuvaa, kuandika. Chumbani mwake mlikuwa na bembea ya wavu iliyoning'inia darini na beseni la maharagwe. Alimketisha Achieng' kwenye bembea, akamzungusha huku akihesabu, akaisimamisha ghafla na kumwinamia usoni. Macho ya mtoto yalitulia tuli. Nilingoja yule dada aruke nyuma, aniulize tunatoka ukoo gani. Aliandika tu kwenye faili.

"Mama Achieng', kuna watoto mwili unachelewa kusikia huku kuzunguka," akasema. "Ndiyo maana anapenda sana kuzunguka. Hata kujibana kunamtuliza."

"Na wako wengine?"

"Wanakujanga hapa kila wiki."

Nililia mpaka akanipa tishu. Alidhani namlilia Achieng'. Kisha akaniandikia mazoezi ya nyumbani: abebe kijerikeni cha maji, akande unga wa chapati, achambue maharagwe, apande miti, afinyange udongo. Nilisoma mara mbili. Utoto wangu wote ulikuwa pale, umepigwa muhuri wa hospitali.

Pasaka nilimrudisha Kosele makusudi. Alicheza na watoto wa kaka yangu. Wao wakaanguka, yeye akaendelea, na nikaona kicheko kikiwaisha. Mkubwa wao akamwinamia nduguye sikioni. Nilijua neno lililokuwa likija.

"Mwili wake unachelewa kusikia, basi," nikasema kwa sauti, mama yangu akiwepo. "Dorka pia alikuwa hivyo. Ile maneno ya jajuok nilitunga mimi."

Mama aliweka ungo chini. "Wewe? Tukafukuza mtoto wa watu kwa sababu ya mdomo wako?" Hakunisemesha tena mpaka jioni, lakini alimwita Achieng' akaketi naye.

Mwezi uliopita nilikwenda Sindo. Mwanamke aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, alinionyesha nyumba ya Dorka kwa kidevu, akamvuta mtoto wake karibu. "Huyo jajuok hatumtembelei," akasema. Nilipiga hodi mara tatu. Ndani kulikuwa na mtu, nilisikia nyayo zikija hadi mlangoni na kusimama, lakini mlango haukufunguliwa.

Enzi zetu tulikuwa na udongo, maji, miti na uwanja, vyote bure, na natamani Achieng' angevipata kama sisi. Lakini yeye watoto wa Kosele wanamwita Achieng'. Dorka ni wa umri wangu, na bado anaitwa jina nililompa mimi.