Siku Mwinjilisti Alipoishiwa Kigiriki

Enzi zetu kule Masama, mlimani Kilimanjaro, Kigiriki tulikijua kabla ya Kiingereza. Msicheke. Mimi niliyeishia darasa la saba, leo nina maduka Pasua, mjini Moshi, na lori linalovuka mpaka wa Holili, bado ninalo neno langu moja la Kigiriki. Wanangu wenye digrii hawana hata nusu yake.

Alitufundisha Mwinjilisti Elinami, Jumamosi za kipaimara, tukiwa tunanuka majani ya ng'ombe na maganda ya kahawa. Neno lenyewe ni higiaino, kuwa mzima. Alisema Paulo alilitumia kwa mafundisho yasiyo na ugonjwa ndani, na Luka kwa yule mwana mpotevu: mtumishi alipoulizwa kuna sherehe gani, alijibu tu kwamba kijana amerudi mzima.

"Hakutaja amerudi na nini," alituambia. "Ni kama buni mnazomwaga majini. Nzima inazama, mbovu inaelea. Maji hayaulizi imetoka shamba gani, kihamba cha nani."

Mwaka huohuo kaka yangu Ndesario akarudi. Serikali iliporuhusu biashara huria alikuwa ameuza ndama wa baba kwa siri, akakimbilia mpakani kuuza mitumba. Ikamshinda. Akatokea wiki ya Krismasi, wenzake wanapanda mlima na redio na mablanketi, yeye ana kandambili. Akasimama nje ya ua.

"Shikamoo, baba."

Baba akaendelea kunoa panga. Mama alikuwa mlangoni na mwiko wa mtori, ile supu yetu ya ndizi, machozi yanamtoka. Wote tulijua: asipoitikiwa ataondoka, na safari hiyo harudi tena.

Mwinjilisti akafika, ameitwa na mama. Akaeleza higiaino yote, ya Paulo na ya Luka.

"Hicho Kigiriki kitanirudishia ndama?" baba akauliza.

Mwinjilisti akageuka, akachuma jani la isale kwenye ua, akalipiga fundo, akamnyooshea baba kwa mikono miwili. Sisi Wachaga, ukiombwa msamaha kwa isale hukatai.

"Na wewe Mwinjilisti, mambo ya mababu?"

"Nimeishiwa Kigiriki, mzee wangu."

Baba akacheka bila kutaka. Akaweka panga chini, akamwendea kaka, akamshika mabega, akambonyeza mbavu kama anayenunua ng'ombe mnadani.

"U mzima?"

"Mzima, baba."

"Marahaba. Ingia ndani."

Mtori ule sijaupata tena, na nimekula kwenye hoteli kubwa, mimi.

Siku hizi Desemba ikifika tunahesabu magari getini. Ndesario mwenyewe, mvi tupu sasa, huwa wa kwanza kuuliza nani kaja na gari gani. Wanangu wako Dar, wananitumia picha za simu wakiwa wamevaa miwani nyeusi, na ujumbe: "Tuko poa, dingi." Nina nyumba ya vyumba vingi na ua wa masale nimeupanda mwenyewe. Nakaa pale uani natazama picha, naivuta iwe kubwa. Mabega yanaonekana, lakini siyashiki.